Anza na Sakafu: Hotuba kwa Wanafunzi wa Bodi Mbele ya Land Cruiser FJ40

Wazee wetu wa kazi, shikamooni. Wazazi mliokuja kuona vijana wenu wanashindaje siku nzima na masizi usoni, karibuni sana. Na nyinyi wa bodi, yaani ufundi wa mabati ya gari, mnaoanza muhula huu, sogeeni, maana leo hatuongelei vyeti. Tunaongelea hili gari.

Hili ni Toyota Land Cruiser FJ40. Toyota walitengeneza familia hii ya 40 tangu mwaka 1960 hadi 1984, na kwa barabara zetu za vumbi na tope hakuna haja ya kuwaeleza zilivyotumika. Nyingi hazikuegeshwa kwa sababu injini ilikataa. Ziliegeshwa kwa sababu bodi ilioza, milango ikalegea, na dereva akaanza kuona barabara kati ya miguu yake.

Kwa mwanafunzi wa bodi, gari hili ni darasa zuri kuliko gari jipya lolote. Mabati yake karibu yote ni bapa, au yamekunjwa upande mmoja tu. Madigadi ya mbele yanafunguliwa kwa bolti. Milango inatoka. Fremu ya kioo cha mbele ina bawaba, inalala juu ya boneti. Paa la lile lenye paa gumu ni faibaglasi iliyokaa juu ya mfereji wa chuma. Bodi yenyewe imekalia chasisi kwa bolti na raba katikati, kwa hiyo ukikosea sakafu hujaharibu uti wa mgongo wa gari. Gari la kisasa kwa kawaida halina huruma hiyo: bodi yake ndiyo chasisi yake, na chuma chake kimepikwa kwa namna ambayo moto wako unakiharibu bila wewe kujua.

Bati lililokunjwa upande mmoja unalitengeneza kwa vyuma viwili vya L, nyundo na subira. Mafundi wa masanduku ya bati pale Kamukunji, Nairobi, wanafanya hivyo kila siku wakiwa wamekaa chini, na anayeweza kukunja sanduku la mwanafunzi wa bweni likafunga vizuri pande zote nne tayari ana nusu ya kazi ya sakafu ya gari hili. Bati lililoviringwa pande mbili kwa pamoja, kama madigadi ya Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, hilo ni somo jingine. Msilikimbilie.

Na hapa ndipo wengi wanapoanza vibaya. Mwanafunzi akipewa gari kama hili, jicho linakwenda ubavuni, kwenye lile shimo la kutu nyuma ya gurudumu linaloonwa na kila mpita njia. Anataka alizibe kwanza. Ubavu ule ni bati pana, bapa, lisilo na mkunjo wa kulishika, na ndilo bati gumu kuliko yote kulichomelea likabaki limenyooka. Anza na sakafu. Sakafu ina mikunjo inayoizuia isijipinde, itafunikwa na zulia, na makosa yako mia ya kwanza yatalala huko yasimsumbue mtu. Baada ya sakafu nenda vizingiti vya milango, kisha boriti ya nyuma chini ya mlango wa nyuma, kisha sehemu za chini za milango. Ubavu uje mwisho, mkono ukiwa umeshajua.

Kabla ya grinda kuwashwa kuna mambo matatu.

La kwanza ni tangi la mafuta. FJ40 nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zina tangi ndani ya gari, chini ya kiti cha abiria. Sikilizeni vizuri: ndani, juu ya sakafu ileile mnayotaka kuichomelea. Litoke, likae mbali na karakana, pamoja na mipira yake. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke. Betri itoke, na nyaya za alteneta zichomolewe. Ondoeni viti, mazulia, na ile lami iliyopakwa chini ya gari, maana inashika moto upande usiouona. Mtu mmoja awe upande wa pili na ndoo ya maji na kitambaa chenye maji, na akae hapo nusu saa baada ya kazi. Vioo vifunikwe kwa blanketi la zamani. Cheche za grinda zinajichoma ndani ya kioo na kuacha vidoa vya kahawia ambavyo hakuna dawa ya kuviondoa.

La pili ni maji. Kutu haikuanza ulipoiona. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa gari ni hivyohivyo: bati la nje linapotoboka, lililo ndani liliisha zamani. Kwenye FJ40 maji ya mvua huingia kupitia kidirisha cha hewa kilicho mbele ya kioo, raba yake ikishakauka. Yanashuka nyuma ya dashibodi, yanatua miguuni pa dereva, yanajificha chini ya zulia. Mengine hupitia mfereji wa paa, yanashuka ndani ya nguzo hadi kwenye kizingiti, na huko matundu ya kutolea maji yalizibwa na tope miaka mingi iliyopita. Mwageni maji juu ya gari kwa mpira dakika kumi, mmoja akiwa ndani na tochi. Mkiziba tundu la sakafu bila kuziba njia ya maji, mtarudi kwenye tundu lilelile.

La tatu ni vipimo, na hapa hatutani. Bodi iliyooza inasimama kwa mazoea. Ukikata kizingiti, nguzo ya mlango inahama milimita nne, tano, na hutaijua mpaka siku mlango unapokataa kufunga. Kwa hiyo: gari likae juu ya stendi nne, chasisi isawazishwe kwa pima maji. Fungeni milango yote mahali pake ikiwa bado mizima, kwa sababu mlango ndio kipimo cha tundu lake. Pengo kati ya mlango na nguzo liwe sawa juu hadi chini. Milimita 5 au 6 kwa gari la namna hii ni nzuri. Sasa chukueni vipimo vya mshazari, pembe ya juu mbele hadi pembe ya chini nyuma, kisha kinyume chake, na kuviandika ukutani kwa chaki, si kichwani. Halafu chomeleeni bomba la mraba la milimita 25 kwa 25 kutoka nguzo hadi nguzo, moja la kulala na moja la mshazari, katika kila tundu la mlango. Ndipo mkate, upande mmoja kwa wakati mmoja. Atakayekata vizingiti vyote viwili siku moja amejitengenezea gari la umbo la ndizi.

Tuje kwenye bati lenyewe. Kwangueni rangi sehemu nzima ya sakafu, pimeni kwa kalipa, halafu nunueni unene uleule. Kwa mabati ya nje, geji 20, yaani kama milimita 0.9, inafaa. Sakafu, geji 18, milimita 1.2. Vishikio na sehemu zinazobeba bolti za bodi, geji 16, milimita 1.5 hadi 1.6. Dukani usiulize geji tu, kwa sababu geji ya mdomoni hupungua njiani. Shiti ya futi 8 kwa 4 yenye unene wa milimita 0.9 ina uzito wa kilo 21 hivi. Ya milimita 1.2 ni kilo 28. Ile ya 0.9 ikipanda mizani ikasoma kilo 17, umeuziwa hewa. Chagueni shiti laini ya kijivu yenye mafuta mafuta juu, si ile yenye magamba meusi, kwa kuwa magamba hayo yanachafua mshono na rangi haiyashiki.

Na mabati ya kuezekea nyumba hapana. Tunasema hivi kwa sababu mmeyaona mitaani yakiwa yamebandikwa kwenye sakafu za magari. Bati la geji 28 ni kama milimita 0.4, theluthi ya unene unaotakiwa sakafuni, na lina zinki. Zinki ikiungua inatoa moshi mweupe, unaacha unga kama wa muhogo pembeni mwa mshono, na mshono unajaa matundu. Moshi huo ukiuvuta mchana, jioni mwili unatetemeka, homa inapanda, mdomo una ladha ya chuma, na mtu anakwenda kununua dawa ya malaria. Maziwa ambayo mafundi hunywa kabla ya kazi hayazuii chochote. Ni chakula kizuri, basi. Kinachosaidia ni kukwangua zinki yote upana wa vidole viwili kutoka kwenye mshono, kufanya kazi penye upepo, na kuvaa kinyago cha moshi.

Sasa tutengeneze kiraka kimoja, kile cha chini ya pedali ya klachi, tukitazame kwa karibu.

Gonga kwanza. Nyundo yenye ncha, pigo jepesi, sikiliza. Bati zima linalia. Lililooza linasema "dufu". Weka alama ya chaki pale sauti inapobadilika, kisha songa nje milimita 20 zaidi. Usikubali kukata kwenye ukingo wa kutu, kwa sababu bati lililoliwa nusu unene litayeyuka kabla hujatoa kidole kwenye swichi. Tuseme tumepata kiraka cha milimita 300 kwa 180. Pembe zake ziwe mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 20 au 25. Pembe kali hukusanya joto pahali pamoja, na baadaye ufa huanzia hapo.

Kata kielelezo kwa karatasi ya manila au boksi. Kikae penyewe bila kulazimishwa. Ndipo uhamishe umbo kwenye shiti kwa kalamu ya chuma. Kama kiraka kina ukingo uliokunjwa, kumbuka kwamba mkunjo unakula bati kidogo kuliko unavyodhani. Ukitaka uso wa milimita 180 na ukingo wa milimita 15, vipimo vya nje, kwa bati la 0.9 usikate 195. Kata 193 na nusu. Hiyo milimita moja na nusu ndiyo inayomfanya mwanafunzi alaani grinda wakati kosa lilikuwa kwenye rula.

Kukunja: bana shiti kati ya vyuma viwili vya L vya milimita 40, mstari ukiwa juu kabisa ya ukingo wa chuma. Weka kipande cha mti mgumu juu ya bati, gonga mti, usigonge bati. Inamisha kidogo tu kutoka mwanzo hadi mwisho, rudi, inamisha tena, mara sita au nane mpaka nyuzi 90. Ukikunja ncha moja mpaka mwisho ndipo uhamie nyingine, ukingo utakuwa umevutwa katikati na kiraka kitajipinda kama jani kavu. Pale penye upindo wa kufuata tairi, ukingo unatakiwa urefuke au ufupike. Kurefusha ni nyundo juu ya fuawe. Kufupisha ni kutengeneza mikunjo midogo kama ya sketi ya shule, kisha kuigonga ijifie ndani yake juu ya gogo. Kinachoshindikana kikatwe kijino kichomelewe, si aibu.

Sasa kiraka kinakaa kwenye tundu lake. Kwa sakafu na ubavu tunataka ukingo kwa ukingo, si kimoja kulala juu ya kingine. Mabati yaliyopandana ni rahisi kuchomelea, lakini yanaacha mfuko wa maji katikati, na mfuko huo hauonekani mpaka umeshaliwa. Pengo liwe milimita 0.8 hivi pande zote, karibu na unene wa bati lenyewe. Bila pengo, bati likipata joto halina pa kwenda ila juu.

Hapa ndipo kiini cha kazi yote, kwa hiyo niruhusuni nikae kidogo.

Chuma kikipata moto kinarefuka. Kila mita moja, kwa kila nyuzi joto moja ya Selsiasi, inaongezeka kama milimita 0.012. Inaonekana si kitu. Lakini chukueni mshono wa milimita 300 uliopanda nyuzi 500: hiyo ni milimita 1.8 za chuma kinachotafuta nafasi. Bati la jirani ni baridi, halisogei. Basi chuma cha moto, kwa kuwa ni laini, kinajibana na kunenepa pale pale. Moto ukiisha kinapoa na kurudi nyuma, ila sasa ni kifupi kuliko kilivyokuwa. Kinavuta majirani. Ndiyo maana mshono uliopigwa mfululizo kutoka kona hadi kona unaacha bati zima limetumbukia mstarini na kupepea pembeni. Bati halikuharibika kwa sababu fundi ana mkono mbaya. Limefupishwa, na dawa ya kilichofupishwa ni kurefushwa.

Kwa hiyo tunashona kama fundi cherehani anavyoshikiza nguo kabla ya kuishona. Mashine ya MIG, ile inayotoa waya yenyewe pamoja na gesi, waya wa milimita 0.6, gesi lita 8 hadi 10 kwa dakika, kibano cha waya wa ardhi kwenye chuma kilichokwanguliwa karibu na kazi. Jaribu kwanza kwenye vipande viwili vya shiti ileile, geuza utazame nyuma. Nyuma pawe na kijistari chembamba kilichopenya. Kama hakuna, umebandika tu. Kama kuna matone yanayoning'inia, umezidisha.

Shikiza pembe nne. Kisha kati ya pembe, ukivuka upande wa pili kila mara, mpaka nafasi zibaki milimita 30. Kiraka chetu, pembe zikiwa mviringo, kina mzingo wa milimita 920 hivi, hivyo ni mishikizo kama 31. Kila mmoja sekunde moja, usizidi. Baada ya kila mmoja, subiri mpaka uweze kuweka kiganja. Si kuhesabu hadi tatu: kiganja. Usimwagie maji, mshono unakuwa mgumu, unakataa nyundo. Hewa ya kompresa inatosha. Halafu saga kichwa cha mshikizo kidogo, weka doli, kile kipande kizito cha chuma cha kushika nyuma ya bati, chini, gonga mara mbili au tatu juu ya mshikizo ili urefuke urudishe ulichopoteza. Ndipo uende kwenye nafasi za katikati, kisha katikati ya hizo, mpaka mishikizo igusane. Kila mmoja ukiwa na milimita 5, mtakuwa mmepiga kama 185 kwa kiraka kimoja. Ni kazi ya nusu siku. Anayewaambia atamaliza kwa dakika kumi na tano anasema kweli, lakini nendeni mkatazame bati lake kutoka ubavuni jua likiwa limelala.

Mashine ya rodi je? Wengi ndiyo mliyo nayo nyumbani. Rodi ya milimita 2.5 kwenye bati la 0.9 inatoboa, fundi anajaza, inatoboa pembeni, anajaza tena, mwisho ana kichuguu kigumu kama jiwe. Anakisaga, na grinda inakula bati laini pembeni kabla ya kugusa kichuguu. Kinachobaki ni unene wa karatasi, na puti, ule uji wa kujazia mabonde, juu yake. Rodi ibaki kwenye chasisi na vishikio. Gesi ya oksijeni na asetilini ni kitu kingine kabisa, tusiidharau: mshono wake ni laini, unafuata nyundo vizuri kuliko wa MIG, na wazee waliopo hapa walijenga majina kwa huo. Tatizo lake ni joto linalotanda. Kwenye kona na kingo, nzuri. Kwenye ubavu bapa wa FJ40, kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, hapana.

Pale ambapo kiwanda kiliunganisha mabati mawili kwa madoa ya kuchomelea ya umeme, kama ukingo wa sakafu juu ya kizingiti, usikate hovyo. Tafuta kila doa, piga alama ya tindo katikati, toboa bati la juu tu kwa biti ya milimita 8, bati litaachia. Kipya kitobolewe matundu ya milimita 6 hadi 8 kila baada ya milimita 30 au 40, kibanwe kisiwe na nafasi hata ya kucha, kisha ujaze matundu ukianzia katikati ya tundu kwenda nje. Katikati ya mabati hayo ipite praima, yaani rangi ya kwanza, ya zinki ile inayovumilia uchomeleaji, maana ukishafunga hutafika tena, ila ikwangue ndani ya tundu lenyewe.

Nyundo na doli sasa. Kuna namna mbili, na mwanafunzi asiyezitofautisha atapiga siku nzima bati likizidi kuharibika. Doli ikiwa chini ya pigo kabisa, bati linabanwa kati ya vyuma viwili, linakuwa jembamba, linarefuka. Hiyo ni ya kwenye mshono uliofupika. Doli ikiwa pembeni, chini ya kibonde, na nyundo ikipiga kivimbe kilicho jirani, kivimbe kinashuka na kibonde kinapanda kwa msukumo wa doli, na bati halirefuki. Hiyo ni ya kunyoosha mbonyeo wa kawaida. Ukitumia ya kwanza mahali pa ya pili, unarefusha bati lisilohitaji urefu, na siku ukilibonyeza kwa kidole litasema "tok" na kurudi kama kifuniko cha debe.

Bati lililofikia kusema "tok" halinyooshwi kwa kupigwa zaidi. Linapunguzwa. Tafuta kilele cha uvimbe. Kwa mdomo mdogo wa gesi pasha doa la ukubwa wa sarafu mpaka liwe jekundu la kukolea, si la njano. Doa litachomoza juu. Weka doli chini kwa mkono mwepesi, gonga kuzunguka doa mara tatu nne, kisha kichwani mara moja au mbili, mara moja kitambaa chenye maji. Hapa maji yanaruhusiwa, kwa sababu tunataka livute. Subiri lipoe kabisa ndipo usome tena, kwani bati la moto linadanganya. Doa moja linaweza kutosha. Waliopiga madoa kumi bila kusoma katikati waliishia na bati linalovuta upande wa pili, na kurudi nyuma ni kazi kubwa kuliko kwenda.

Kusoma bati hakufanywi kwa macho ya mbele. Vaa soksi au glavu nyembamba ya pamba, pitisha kiganja chote, si ncha za vidole, kutoka bati zima kuelekea palipotengenezwa. Weka taa ubavuni. Pitisha fili pana, yaani tupa, bila kukandamiza: panapong'aa ni kivimbe, palipobaki peusi ni kibonde.

Puti ina mahali pake na tusijifanye malaika. Milimita 2, zikizidi sana 3, juu ya chuma kilichonyooka na kupakwa praima ya epoksi. Gramu 100 za puti kwa gramu 2 za kigumushi. Kwa joto la Dar es Salaam mna dakika chache tu kabla haijaganda, kwa hiyo changanyeni ya kutosha kipande kimoja. Ukizidisha kigumushi ili iwahi, rangi itatoka na madoa miezi baadaye. Isuguliwe kavu, msasa namba 80, halafu 180, halafu 320. Maji hapana, kwa sababu puti inanywa maji kama mkate na kuyapeleka kwenye chuma. Anayenunua gari la zamani atembee na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Ikianguka ubavuni, chini yake kuna kiganja cha puti. Mficha uchi hazai, na mficha kutu anauziwa gari lake mwenyewe mara ya pili.

Neno moja kuhusu Landrova, maana najua kuna mwenye modeli ya 109 nyumbani atauliza. Landrova ilipotoka mwaka 1948, chuma Uingereza kiligawiwa kwa mgao baada ya vita, wakatumia aloi ya alumini kwa mabati ya nje. Chasisi na ukuta wa mbele ya miguu vikabaki chuma, na ndivyo vinavyooza. Panapogusana alumini na chuma penye unyevu, hasa pwani, alumini inaliwa na kugeuka unga mweupe; wekeni raba au rangi nzito katikati. Alumini haibadiliki rangi ikipata moto. Inakaa hivyohivyo, kisha ghafla iko chini. Kuilainisha, paka sabuni ya mche, pasha taratibu kutoka nyuma mpaka sabuni igeuke nyeusi, acha ipoe. Zana zake ziwe zake, maana grinda iliyogusa chuma inapanda chembe za chuma kwenye alumini na kutu inaanza hapo.

Tukimaliza chuma, kabla ya rangi ya juu, mshono wote upakwe silanti, ile gundi ya kuzibia, pande zote mbili, na ndani ya vizingiti na milango ipulizwe nta ya kuzuia kutu kupitia matundu. Halafu, na hili husahaulika kila mwaka, chukueni waya mzibue tena matundu ya kutolea maji ambayo nta na silanti vimeyaziba. Chini ya kila mlango yapo. Mwageni kikombe cha maji ndani ya mlango, yahesabuni yanapotoka.

Basi. Tangi limeshatoka, lipo kule nyuma chini ya mwembe. Miwani ivaliwe na kila mtu, wazazi pia. Aliyevaa makubazi abaki nyuma ya mstari wa njano. Nahitaji mmoja wa kushika doli chini ya gari na mmoja wa ndoo. Tunaanza na tundu la klachi.